Asali Nisiyoionja

Mwaka huu nimeacha kukanyaga ndizi. Magoti ndiyo yaliyoamua. Mimi nilikuwa bado nabishana nayo. Mtumbwi wangu wa kukamulia nimewaachia nyinyi watatu mliokuwa mkifanya kazi nami hapa Nkwenda, na kwa kuwa kila mkipita mnanisimamisha kuuliza jambo, nimeona heri niandike mara moja mjisomee, nami niachwe nitafune kahawa yangu kwa amani. Padri aliyenifundisha kusoma alitaka nisome katekisimu. Nimeisoma. Sasa naandika habari za pombe, na nadhani Mungu aliyewapa nyuki kazi yao hatanikasirikia sana.

Mambo ya nilichopata siyaandiki. Mkitaka kuyajua, tazameni paa la nyumba yangu.

Nilianza Kituntu, miaka ile ya ishirini, kwa Mzee Ntimba. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, na shamba la baba lilikuwa limegawanywa kwa ndugu watano, hata fungu langu ungelizunguka bila kutoa jasho. Nilimwendea, nikamwamkia, nikamwambia natafuta kazi. Hakuniuliza jina wala ukoo. Alitazama miguu yangu, ambayo nyinyi mnaifahamu ukubwa wake.

"Hiyo yote ni yako?" akauliza.

"Ni yangu, Tata."

"Kaioshe."

Nikaiosha. Akaitazama, akasema niioshe tena. Mara ya tatu aliinama, akapitisha kidole kati ya vidole vyangu, akakinusa, ndipo akaniruhusu kuingia mtumbwini. Nalisema hili kwa sababu mmoja wenu, nanyi mnamjua, huosha miguu kwa kupita tu kwenye umande wa asubuhi. Rubisi, pombe yetu hii ya ndizi, haifichi kitu. Mguu mchafu hujitokeza siku ya pili, pombe ikaanza kunuka siki kabla haijapata nguvu, na mpikaji akaanza kuilaumu mvua.

Mzee Ntimba alikuwa mfupi, mkali, mchache wa maneno. Ndizi alizivundika kwenye shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani makavu ya mgomba, siku tano wakati wa jua, hata nane wakati wa mvua. Rangi ya ganda hakuiamini. Alibonyeza ndizi karibu na kikonyo, na ikikubali kidole bila kupasuka, tunaanza kumenya. Tulizimwaga mtumbwini, tukazichanganya na nyasi ili zishikane, kisha nikakanyaga. Siku ya kwanza nilikanyaga kwa nguvu zote za ujana wangu, akanitoa. Ndizi hukanyagwa polepole, uzito ukiwa kisiginoni, mpaka yale maji matamu tunayoyaita mramba yaanze kupanda juu ya vidole. Ukiharakisha unapata uji, na uji wapeni wagonjwa.

Baada ya hapo ni maji kidogo, kuchuja, mtama uliokaangwa na kusagwa, majani ya mgomba juu, na subira. Hakuwa na tabia ya kufunuafunua. Aliweka sikio kwenye ubavu wa mtumbwi, akasikiliza jinsi inavyochemka ndani. Mwanzoni nilidhani ananifanyia mzaha. Kumbe ni kweli: sauti ikiwa nene na ya haraka, iache, ikipungua ukawa unasikia povu moja moja, kaa tayari kuitoa. Mpaka leo naliamini sikio langu la kushoto kuliko macho yangu yote mawili.

Rubisi ya kawaida ni ya kila mtu. Ile ya asali, yaani nkangaza, ni ya heshima. Ni ya mkwe, ya mgeni mkubwa, ya kumaliza ugomvi. Na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukitia asali mapema pamoja na mtama, unapata pombe kali isiyo na ladha ya ndizi. Ukichelewa mno inabaki tamu, mtu anaimeza kama dawa ya kifua. Ntimba alitia siku ya pili, rubisi ikiwa bado na uvuguvugu wake, asali ikiwa imechujwa nta na makinda yote ya nyuki, kibuyu kimoja cha asali kwa vinne vya rubisi. Kisha yote huingia kwenye kibuyu kikubwa, kinazibwa kwa jani la mgomba, kinafungwa, na kwa siku mbili hakuna anayekigusa.

Asali nazo si moja. Ile nyeupe ya maua ya kahawa hutoa pombe nyepesi yenye harufu nzuri. Ile nyeusi ya vilimani huipa uzito. Asali ya bondeni, upande wa mto Kagera, ni nzuri miezi mingi, ila si wakati enkukuru zimechanua. Mti huo mnaujua, wenye miiba na utomvu mweupe unaochoma macho. Nyuki hawana neno nao. Lakini asali yake inaunguza koo, na maji hayaizimi. Haiui mtu. Inaunguza tu, na anayeimeza bila kujua huamini kwamba anakufa. Ntimba alinifundisha hilo mwaka wa kwanza, kwa hiyo siwezi kusema sikuambiwa.

Sasa niwakumbushe desturi, maana vijana wa siku hizi mnaifuata nusunusu. Pombe ya mahari hupikwa kwa niaba ya upande wa mwanamume, na asali huletwa na baba wa bwana harusi mwenyewe, kibuyu kimezibwa kwa nta. Mpikaji hukifungua mbele yake na kumimina. Haombi kuonja. Kuchovya kidole kwenye asali ya mwenye mji ni kumwambia usoni kwamba nyumba yake ina mkono mbaya wa kutilia watu sumu. Siku ya kuipeleka, kile kibuyu kikubwa hufunguliwa mbele ya wakwe, na wa kwanza kuvuta mrija ni mpikaji, ili wote waone kuwa pombe ni salama. Anafuata baba wa bwana harusi, kisha baba wa bibi harusi. Akishavuta huyo wa tatu, ndoa imekubaliwa.

Mzee Ntimba, kwa ufundi wake wote, alikuwa na kasoro moja: alimwaga asali. Kila alipomimina mkono ulimtetemeka, asali ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko, naye akanung'unikia uzee na kujilamba mbele ya watu. Nilimwonea haya. Nilijifunza kumimina kwa mkono mmoja bila kudondosha hata tone, na wenye asali walinisifu kwamba sipotezi mali ya mtu. Sifa hizo sikuzikataa. Nilikuwa nikimwangalia mzee wangu akilamba kiwiko, nikajisemea moyoni kwamba mimi nimeshampita.

Nilikaa naye miaka saba. Niliona mitumbwi iliyokataa kuchacha kwa baridi ya mvua za masika, tukaipasha kwa mawe ya moto yaliyofungwa majani. Nilimwona mwinjilisti mmoja wa upande wa Walutheri ambaye hakugusa pombe kamwe, alikunywa mramba tu, ila alipenda kuufuata siku ya tatu. Ntimba alimpa kila mara kwa adabu, wala hakumwambia kitu, na mwinjilisti alikwenda zake akiimba. Baada ya miaka hiyo saba nilichonga mtumbwi wangu, nikahamia Nkwenda, na haikuchukua muda jina langu likawa linatajwa kila penye posa. Najisifu kwa sababu ni kweli.

Basi, miaka ile ya vita vikuu vya pili, alinijia Mzee Kagaruki wa Kibingo. Kijana wake Anselmi alikuwa amemchumbia Felista, binti wa Mzee Kabyemera, na pombe ya mahari ilikuwa itengenezwe na mimi. Posa hiyo ilikuwa na kazi yake. Kabyemera alikuwa na ndugu yake mdogo aliyekunywa pombe kwenye mji wa watu, akarudi nyumbani akiugulia tumbo, akafa. Sijui aliugua nini. Kabyemera alijua, au aliamini kwamba anajua, na tangu siku hiyo hakuweka mrija wa mtu mdomoni. Aliikataa posa mara mbili. Felista alimng'ang'ania kwa kupitia shangazi zake mpaka mzee akakubali, lakini kwa sharti moja: siku hiyo atakunywa, na akiona jambo lolote, lolote lile, binti harudi kutajwa kwenye mji wa Kagaruki.

Siku ya kumimina, Kagaruki alileta kibuyu chake. Ulikuwa wakati wa kiangazi, asali ilikuwa adimu kila mahali, na kwa mbali mabonde yote yalionyesha manjano ya enkukuru. Nilifungua nta, nikaona asali ya rangi nisiyoizoea kutoka Kibingo, nyepesi, yenye ukijani.

"Hii ni ya mizinga ya nyumbani, Tata?" nikauliza.

"Kwani umewahi kuniona nikizunguka na mizinga ya watu?"

Alikuwa mtu mkubwa, mwenye kiburi chake, na nyuma yake walisimama wadogo zake wawili. Nilitaka kuchovya kidole. Nawaambia wazi, mkono ulishaanza kwenda. Nikaona jinsi anavyonitazama, nikaurudisha. Nikamimina yote, sikudondosha tone.

Siku mbili baadaye tulikibeba kibuyu kwenda kwa Kabyemera. Felista alitupokea njiani na wenzake, akapiga goti kutuamkia, kisha akanisogelea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama."

"Baba amesema atakunywa. Hajanywa kwa mtu tangu baba mdogo afariki." Akakitazama kibuyu. "Iko sawa?"

"Nimeitengeneza mimi," nikamwambia.

Akacheka kwa furaha, akakimbia kuwaambia wenzake. Kicheko kile ninakikumbuka vizuri kuliko mambo mengi ya maana.

Tukaketi uani. Wazee wa pande mbili walikuwa kama ishirini. Nilifungua jani, harufu ikatoka, nzuri kabisa, watu wakasogea. Nikaingiza mrija, nikavuta funda kubwa kama ilivyo kawaida yangu, maana mpikaji anayevuta kidogo hutiliwa shaka. Ilipopita ulimini ilikuwa tamu. Ilipofika kooni nilijua. Ilikuwa kama nimemeza kaa la moto, na macho yakajaa machozi papo hapo. Nikamtazama Kagaruki. Rangi ilimtoka usoni, na hapo nikafahamu kwamba asali haikuwa ya nyumbani kwake na kwamba yeye alilijua hilo tangu mwanzo. Aliona haya kukosa asali mbele ya mkwe aliyemkataa mara mbili, akaenda kununua bondeni kwa warina asali. Kuhusu maua hakujua. Hiyo haikuwa kazi yake kujua.

"Mbona unalia?" Kabyemera aliuliza, taratibu sana.

Mrija ulikuwa bado mkononi mwangu. Nikikaa kimya nikampa Kagaruki, naye akavumilia, wa tatu ni Kabyemera, na akiungua yeye hakuna atakayemwambia tena kwamba ndugu yake hakuuawa. Nikisema asali ni mbaya, asali ni ya Kagaruki, na mtu anayemletea mkwe asali inayounguza ataitwa jina moja tu hadi wajukuu. Kwa vyovyote Felista hakuwa na ndoa. Niliwaza haya yote kwa muda mfupi kuliko ninavyoyaandika.

"Hii ni asali ya enkukuru," nikasema, na sauti ilianza kunikwama. "Ya Mzee Kagaruki ilikuwa nzuri. Niliimwaga alipokwisha kuondoka, nikiihamishia kwenye kibuyu kikubwa. Nikaona haya kumwambia, nikanunua nyingine bondeni, nikaijaza. Kosa ni langu."

"Mwenye sumu naye angesema hivyo," Kabyemera akajibu.

"Basi nipe bakuli."

Akaniletea mwenyewe, bakuli la mti, akalijaza mpaka ukingoni. Nililinywa lote. Sitawaeleza lilivyoshuka. Kisha nikakaa pale katikati ya uwanja, watu wamenizunguka, mpaka kivuli cha nyumba kikaufikia mguu wangu na kuupita. Nilikuwa natiririka jasho na mate, lakini nilikuwa mzima. Kabyemera alisimama, akanishika kidevu, akaniangalia machoni kwa muda mrefu.

"Huyu ni mzembe," akawaambia watu. "Si muuaji, na uzembe wake si kosa la mji wa Kagaruki."

Akaomba iletwe rubisi ya kawaida, tuliyokuwa tumeibeba kwa ajili ya wapagazi. Aliivuta baada ya Kagaruki, akameza, na akina mama wakapiga vigelegele. Felista akaolewa. Mimi nilirudi Nkwenda bila sauti, na haikurudi kwa siku nne.

Ilipoanza kurudi nilikwenda Kituntu kwa Ntimba, mwendo wa siku mbili. Alikuwa ameshazeeka, hatoki uani. Nilimnong'onezea yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono wake mbele ya uso wangu na kuuacha hapo. Haukutetemeka hata kidogo.

"Haujawahi kutetemeka," akasema.

Ndipo nikaelewa. Miaka yote ile, mbele ya wenye asali na bila kumvunjia mtu heshima, mzee alikuwa anaonja kwa kiwiko. Nilikasirika, nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilidhani umeona. Umekaa karibu nami miaka saba. Ulikuwa unaangalia nini?"

Nilichokuwa naangalia ni mkono wangu mwenyewe. Tangu siku hiyo nikawa mmwagaji. Nyinyi watatu mmenicheka sana kwa kuchafua nguo za watu kwa asali, na niliwaacha mcheke. Leo nimewaambia. Kichafueni kiwiko.

Kibingo walinipa jina: Mmwaga Asali. Kwa miaka mingi hakuna posa ya huko iliyonipitia, na wanawake walilitumia jina hilo kuwaonya watoto wanaobeba maziwa. Kazi za kwingine zilinitosha, mtumbwi haukukauka, kwa hiyo msinionee huruma. Lakini liliniuma. Kilichoniuma zaidi ni Kagaruki. Tulikutana kwenye sherehe za watu wengi, na kila kibuyu changu cha nkangaza kilipomfikia alikisukuma kwa jirani bila kuutia mrija mdomoni, bila hata kunitazama. Nilimwokoa, naye ananidharau hadharani. Nilimchukia kwa moyo wote, na nilikwenda kuliungama hilo zaidi ya mara moja, kisha nikaendelea kumchukia.

Alifariki mwaka huu, kabla ya mvua. Mwezi uliopita Anselmi alinijia hapa nyumbani, mtu mzima sasa, nywele zimeanza mvi. Aliketi, akazungusha kofia mikononi.

"Baba alituambia yote kabla hajafa," akasema. "Asali aliinunua yeye. Nataka kuwakusanya wazee wa Kibingo niwaambie, wakurudishie jina lako."

Sitawadanganya: nililitaka. Miaka kama kumi na mitano ni mingi kuitwa jina lile. Nilitafuna kahawa kwa muda, yeye akisubiri.

"Asali ilikuwa ya baba yako," nikamwambia hatimaye. "Lakini aliyejua enkukuru zimechanua ni mimi. Niliiona rangi yake, nikataka kuonja, nikamwogopa mkubwa, nikamimina. Siku ile nilidhani nasema uongo ili kumwokoa. Nimekuja kujua baadaye kwamba nilikuwa nasema kweli, kosa lilikuwa langu. Usikusanye mtu. Mwache mzee alale."

Anselmi aliinamia kofia yake. Alipofungua mdomo, alikuwa hanitazami tena.

"Alisema ulipokuwa unakunywa lile bakuli alitaka kusimama aseme, akamwangalia Kabyemera, akabaki ameketi. Alisema tangu siku ile, kila ulipomfikia mrija wako, koo lilifunga. Alikuwa hawezi kumeza. Alitaka kukueleza, akaona haya."

Niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia huko kwa sauti, mzee mzima. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa nimekaa upande mmoja wa kibuyu na chuki yangu, na yeye upande wa pili na haya yake, na yeyote kati yetu angeweza kusogea.